Mama Visima na Vichupa Vyenye Nukta

Habari ilimkuta Kitinda akiwa na pini saba mdomoni. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, sketi ya shule imetandazwa mbele yake, anapanga pindo, simu ikalia juu ya cherehani. Mwenye pini mdomoni hapokei simu. Akaanza kuzitoa moja moja na kuzichomeka kwenye kimto alichofunga mkononi. Simu ikakatika, ikalia tena. Alipoona kwamba anayepiga asubuhi ile ni shemeji yake, alijua kabla hajasikia neno.

"Shemeji," sauti ilisema. "Dada yako ametutoka. Saa moja na robo. Nilitoka kumwita muuguzi tu, niliporudi..."

"Haya," Kitinda akajibu, kama mtu aliyeambiwa kwamba maji yamekatwa. "Haya, shemeji. Nakuja."

Alipoiweka simu chini ndipo alipogundua kwamba pini ya saba ilikuwa bado katikati ya midomo yake. Alikuwa ameipokea habari ya kifo cha dada yake, na kuijibu, na pini mdomoni.

Hapo kilio kikamjia. Alilia akiwa amekaa sakafuni, uso ameufunika kwa sketi ya mtoto wa watu, mpaka kitambaa kikalowa. Alimwomba Mungu ampokee mja wake. Lakini chini ya kilio kile palikuwa na jambo jingine lililokuwa likimuunguza kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Ijumaa iliyopita dada yake alimpa ujumbe aufikishe kwa Daktari, mkuu wa maabara alikofanya kazi. Jumapili akamuuliza kama umefika. Kitinda akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo. Haukuwa umefika. Leo Jumanne, na yule aliyemuuliza hayupo tena wa kuambiwa ukweli.

Dada huyo watu walimwita Mama Visima, na jina hilo lina kisa chake. Aliingia maabara akiwa msichana aliyemaliza kidato cha nne, akapewa kazi ya kuosha chupa. Aliziosha kwa miaka mitatu, na ilisemekana kwamba chupa iliyopita mikononi mwake ungeweza kumnyweshea mtoto mchanga. Ndipo wakaanza kumpa kazi za ndani. Kazi yenyewe ilikuwa ya trei za plastiki, kila trei ukubwa wake kama kitabu kidogo cha sala, na ndani yake mashimo tisini na sita, kila moja linaenea punje ya mahindi. Safu nane kutoka juu kwenda chini, zimepewa herufi kuanzia A mpaka H. Kumi na mbili kwenda upande, zimepewa namba. Wenzake waliyaita mashimo. Yeye aliyaita visima, kwa sababu, alisema, shimo ni la kutupia takataka, na mle ndani kulikuwa na kitu kinachoishi.

Siku moja alichelewa kwenye kikao cha ukoo. Mjomba wao, mtu wa makamo aliyependa kujua kila kitu nusu nusu, akamuuliza alikuwa wapi. "Nilikuwa na visima tisini na sita vya kuhudumia, mjomba," akajibu, akakaa. Mjomba hakuuliza zaidi. Alikwenda akawatangazia watu kwamba mpwa wake ni mkubwa katika mambo ya maji, na mwaka uliofuata akamletea majirani watatu ambao bomba lao lilikuwa kavu tangu mwezi uliopita. Walikuja wamevaa vizuri, na barua ya maombi mkononi. Mama Visima akawapa chai, akaisoma barua yao mpaka mwisho kwa heshima zote, kisha akawaeleza kwamba visima vyake vyote tisini na sita kwa pamoja havijazi hata kikombe walichoshika. Mmoja wao alicheka mpaka chai ikampalia. Tangu siku hiyo jina likamganda.

Kitinda alikuwa mdogo wake kwa miaka kumi na miwili, kitinda mimba wa mama yao, na jina la utani lilitoka hapo. Alikuwa amesoma mpaka sekondari kisha akashika cherehani, na mambo ya maabara alielezwa mezani pake, katikati ya vipande vya vitambaa. Dada alimwambia kwamba homoni ni kama barua inayosafiri katika damu. Inapita kila nyumba ya mwili, lakini inapokewa tu pale penye mtu wake wa kuipokea, na huyo wanamwita kipokezi. Kipokezi ni kidogo mno, jicho halikioni. Ukitaka kujua kipo wapi, ni vingapi, na katika uvimbe wa mgonjwa huyu kipo au hakipo, unahitaji kitu cha kukishika hicho tu na kuacha vingine vyote. Kitu hicho ni kingamwili.

"Na hizo kingamwili mnazinunua wapi?" Kitinda aliuliza.

Dada alimweleza kwamba hii wanaitengeneza wenyewe. Panya anachomwa sindano yenye kipande cha kipokezi, na mwili wake unaanza kutoa kingamwili za kukikamata. Shida ni kwamba anatoa za kila aina. Damu ya panya huyo ni kama mkutano wa hadhara, kila mmoja anasimama na lake. Wao wanatafuta seli moja inayosema neno sahihi, na watoto wake, na wajukuu wake, wote waseme neno lile lile bila kuongeza wala kupunguza.

"Wa tumbo moja," Kitinda akasema.

"Wa tumbo moja," dada akakubali, "ila hawa hawagombani."

Seli hizo hutolewa katika wengu wa panya, lakini zikiachwa peke yake hazimalizi wiki. Kwa hiyo huunganishwa na seli za saratani, ambazo kufa hazikujifunza, na mzao wao anarithi kazi kutoka upande mmoja na maisha marefu kutoka upande wa pili. Kisha wazao hao wanagawanywa, seli moja kisima kimoja, na hapo ndipo kazi ya Mama Visima ilipoanzia. Aliwalisha maji yao mekundu kila baada ya siku mbili. Rangi ikibaki nyekundu, alijua hakuna aliyekula. Ikigeuka na kuelekea njano, alifurahi kama mama aliyeona sahani ya mtoto imerudi tupu. Kabla ya kufungua kabati la joto alisali kwa kifupi, midomo ikicheza, na mwenzake mmoja, mtunza panya, alizoea kumtania: "Umemaliza kuwaombea? Nifungue, au bado kuna wenye shida maalum?" Naye alimjibu kwamba aliye na shida maalum ni yeye, maana panya wake wamenenepa na yeye amebaki mfupa.

Hakuwa na likizo ya kweli. Seli hazijui sikukuu, alisema, na akaondoka kwenye harusi ya binti yake mwenyewe kwa saa nzima, na gauni lake jipya, akaenda kulisha, akarudi. Mumewe, mtu mpole anayetengeneza redio, alikuwa na usemi wake kwa wageni: "Mimi nimezaa watoto watatu. Mwenzangu anao tisini na tisa."

Miaka tisa kabla ya kifo chake, katika mamia ya visima, walipata kimoja. Kingamwili yake ilishika kipokezi cha homoni ya kike, ikakishika hasa, na haikugusa kitu kingine. Kisima hicho kilikuwa safu ya C, namba nne, na seli zake zikaitwa C nne. Utafiti wote wa Daktari kuhusu uvimbe wa matiti ulisimama juu ya C nne. Maabara za mbali ziliomba zigawiwe kidogo. Nyumbani, Kitinda aliwasikia watoto wa dada yake wakiitaja C nne kama ndugu anayeishi mji mwingine.

Mwaka huu moyo wa Mama Visima ukaanza kuchoka. Miguu ilivimba, ngazi zikawa mlima, akalazwa. Kitinda alikuwa akimkalia kitandani kila alasiri, akishona vifungo ili mikono isikae bure. Ijumaa ile mtunza panya alikuja na mkate na mdomo mzito. Alizunguka weee, akasifu shuka, akasifu dirisha, mwisho akaambiwa aseme lililomleta. Akasema ukungu umeingia katika seli zote zilizokuwa zikikuzwa, zimemwagwa. Daktari amekwenda kwenye tangi la naitrojeni, lile la baridi kali ambamo akiba hugandishwa kwa miaka, akatoa vichupa vya C nne. Vitatu vimefufuliwa. Seli zinakula, zinaongezeka, afya tele, lakini maji yake hayashiki kitu. Daktari anasema C nne imechoka, maana seli za namna hiyo wakati mwingine husahau kazi yake. Ijumaa ijayo vichupa vilivyobaki vitatupwa na utafiti utasimama.

Mama Visima alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa mkate, akamuuliza hali za panya. Alipoondoka, akamwambia Kitinda avute pazia.

"Una kumbukumbu nzuri?" akamuuliza.

"Ya vipimo vya watu."

"Basi hiki ni kipimo. Nisikilize, na usiniulize katikati, pumzi yangu haitoshi."

Akamweleza pole pole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Kujua kisima chenye kingamwili nzuri, unachukua tone kutoka kila kisima na kulitia katika trei ya pili iliyopakwa kipokezi, kisima kwa mwenzake, C nne kwa C nne. Penye kushika panatoa rangi. Trei ina kona moja iliyokatwa ili mtu asiigeuze. Siku ile, miaka tisa iliyopita, yeye aliigeuza. Rangi aliyoiona aliisoma kuwa ipo C nne, kumbe ilikuwa F tisa, maana ukiigeuza trei, safu ya tatu kutoka chini inageuka kuwa ya tatu kutoka juu, na namba tisa inakaa mahali pa nne. Akazichukua seli za C nne, ambazo hazikuwa na lolote, akazikuza, akagandisha vichupa sita. Daktari akaandika katika daftari kuu na kuwapa wenzake habari njema. Siku chache baadaye alirudia kipimo, hakikutoka kitu. Alielewa papo hapo. Bahati F tisa ilikuwa bado hai. Akaikuza, na yenyewe ikashika.

"Hapo ndipo nilipotakiwa kuingia ofisini kwake," alisema. "Nilifika mpaka mlangoni. Nikamsikia ananisifia kwenye simu."

Akarudi. Vichupa vya F tisa akaviandika C nne, na chini ya namba akaweka nukta moja ya wino ili avijue. Tangu hapo kila mara alikwenda tangini mwenyewe, akatoa vyenye nukta. Vile sita visivyo na kitu havikuweza kuondolewa bila saini ya Daktari, na saini inataka sababu. Vikabaki. Sasa yeye amelala hapa, na mkono mwingine umeingia tangini, ukachukua vya juu.

Kitinda alikuwa ameshika kifungo na sindano, hashoni. "Si nimwambie tu achukue vyenye nukta?" akasema. "Inatosha, dada. Atavipata, kazi itaendelea, wewe utapona utamweleza mengine mwenyewe."

"Atavitoa, na kila kilichoandikwa kitabaki na jina la uongo. Watu wanaisoma ile kazi. Mwambie yote, usiikate, Kitinda. Hii si sketi."

"Basi nitamwambia ulikuwa na msiba. Ilikuwa wiki ile tumemzika mama. Nilikusihi ukae siku moja zaidi, ukakataa, ukaenda kulisha."

"Mama usimtaje," akasema. "Mama hakugeuza trei."

Kisha akamshika mkono, akamwambia hiyo ni amana.

Jumamosi maabara ilikuwa imefungwa, na Kitinda akashukuru kwamba imefungwa. Jumapili dada akamuuliza kwa macho zaidi kuliko kwa mdomo, maana pumzi ilikuwa imepungua. Naye, kwa kutaka amwone anatulia, akaitikia kwa kichwa. Pengine dada alidhani Daktari ameambiwa kwa simu. Akatulia kweli. Akafumba macho na uso wake ukalainika, na Kitinda akajisikia kama mtu aliyemwibia mgonjwa dawa na kumpa maji.

Jumatatu alijikaza, akaenda. Alifika mpaka getini. Mlinzi, mzee mwenye koti kubwa kuliko yeye, alimtazama usoni akasema bila kuuliza kwamba huyu ni mdogo wake Mama Visima, sura ile ile, na akamwambia amsalimie sana. Akasema amekaa getini hapo miaka kumi na saba, amewaona wenye digrii wakiingia na kutoka, lakini mtu asiyekosea kazi yake amemwona mmoja tu. Kitinda alisema atazifikisha salamu. Akageuka, akarudi nyumbani, akakaa kwenye cherehani. Asubuhi iliyofuata simu ililia.

Jumanne yote ilikwenda kwa mambo ya msiba. Alimwona dada yake, akamfunga kitambaa kichwani vizuri maana aliyemfunga mwanzo hakujua alivyopenda. Nyumbani kwa shemeji viti viliazimwa, maji yakachemshwa, simu zikapigwa. Mazishi yakapangwa Alhamisi. Jioni shemeji akamwita kando akamwambia Daktari amepiga simu, amelia kama mtoto, na ameomba aseme machache kaburini.

"Atasema nini?" Kitinda aliuliza.

Shemeji akasema Daktari atawaeleza watu kwamba katika kazi yake yote hajawahi kuona mkono usiokosea kama ule.

Kitinda aliomba sana siku hiyo, na hakuomba kwa maneno mazuri. Alimwambia Mungu kwamba anaogopa. Akisema, jina la dada yake litaingia doa kabla mwili haujaingia udongoni, na doa hilo atakuwa amelitia yeye. Asiposema, Ijumaa vichupa vitatupwa, na kazi ya miaka itakwenda jalalani, na dada yake atazikwa na uongo aliomwitikia Jumapili. Palikuwa na njia ya katikati, na aliijua: kusema nukta na kunyamaza sababu. Aliizunguka njia hiyo mara nyingi. Kila mara alisikia sauti ile ikimwambia asiikate.

Jumatano asubuhi alikuwa getini. Mlinzi alivua kofia, akamfungulia.

Daktari alikuwa mtu mrefu, mkavu, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, na alikuwa na sifa ya kuongea kama anayelipia maneno. Alisimama, akampa pole, akamvutia kiti. Kitinda hakukaa. Alijua akikaa atalia, na akilia atapunguza. Akasema ametumwa. Akaeleza kama alivyopewa: trei ya pili, kona iliyokatwa, C nne na F tisa, vile vichupa sita, mlango alioufikia dada yake akarudi, nukta ya wino. Maneno mengine hakuyaelewa vizuri, lakini aliyasema kwa mpangilio ule ule, kama mtu anayesoma vipimo vya nguo asiyoiona. Akamaliza kwa kusema kwamba dada alimpa ujumbe huo tangu Ijumaa, na kuchelewa ni kosa lake yeye.

Mtunza panya, aliyekuwa ameingia na karatasi za kusainiwa, alibaki mlangoni.

"Miaka tisa," Daktari akasema mwishowe. Sauti yake haikuwa ya msiba. "Miaka tisa ninaandika C nne. Nimeiandika kila mahali."

Kitinda aliangalia sakafu. Mdomoni alikuwa na sentensi moja ambayo ingemtetea dada yake, ilikuwa tayari, imeiva. Akaimeza.

Daktari akashusha miwani, akavuta kabati, akatoa daftari kuu la mwaka ule, jalada lake limechanika mgongoni. Akafungua kurasa, kidole kikishuka, mpaka kikasimama. Alisoma tarehe. Akaisoma tena. Akakaa.

"Wiki hii," akasema polepole, "alikuwa ametoka kumzika mama yenu. Nilikuja msibani. Nilimwambia apumzike mwezi mzima, akarudi siku ya pili." Akamtazama Kitinda. "Hakukutuma useme hili?"

"Alinikataza."

Daktari alivua miwani akaifuta kwa ncha ya koti, akaifuta muda mrefu. Kisha akasimama akamwambia mtunza panya alete glavu nene.

Tangi lilikuwa katika chumba cha nyuma, limesimama kama mtungi mkubwa wa chuma. Kifuniko kilipofunguliwa mvuke mweupe ulimwagika ukashuka mpaka miguuni. Daktari akainua kishikio kirefu, mtunza panya akatoa vichupa kwa koleo, kimoja kimoja, kila kimoja kidogo kama kidole cha mtoto, kimevaa barafu. Ilikuwa ni kazi ya sekunde chache tu, maana vikikaa nje vinaharibika. Mtunza panya akafuta barafu ya cha kwanza kwa kidole gumba, akakisogeza machoni, akakunja uso. Daktari naye akakitazama, akasogeza miwani mbele, akairudisha nyuma.

"Mama," mtunza panya akamgeukia Kitinda, "sisi wawili hapa jicho zima hatuna. Wewe unayetunga uzi kwenye sindano, hebu."

Akavaa glavu, akasogea. C, kisha nne, kwa mwandiko wa dada yake, mkia wa nne umepinda kama alivyoupinda tangu akiwa shule. Chini yake hapakuwa na kitu. "Hiki hakina," akasema. Kikarudishwa. Cha pili hakina. Cha tatu hakina. Cha nne aliposugua barafu, palikuwa na nukta ya wino, ndogo kama kichwa cha pini, imewekwa kwa uangalifu katikati kabisa.

"Ipo," akasema.

Vilipatikana vinne. Kimoja Daktari alikifufua mwenyewe mbele yao, akakiyeyusha katika maji ya uvuguvugu, akakimimina katika chupa ya kukuzia. Mtunza panya alipokipokea na kukiingiza katika kabati la joto alisimama kidogo, kichwa kimeinama, na midomo yake ilicheza. Hakuna aliyemtania.

Waliporudi ofisini Daktari alichukua kalamu nyekundu. Alimuuliza Kitinda kama anamruhusu kuandika. Kitinda akajibu kwamba dada alitaka yote yasemwe, na yeye hana ruhusa ya kukata. Daktari akaandika pembeni mwa ukurasa ule, akaligeuza daftari ili asome: Trei iligeuzwa. Seli zinazoitwa C nne ni za F tisa. Vichupa sahihi vina nukta. Taarifa imetolewa na mwenyewe.

Kitinda aliyasoma maneno mawili ya mwisho zaidi ya mara moja.

"Ni kweli," Daktari akasema. "Wewe umeubeba ujumbe tu."

Alhamisi watu walikuwa wengi kuliko walivyotarajia. Walikuja ndugu, majirani, wateja wa redio wa shemeji, wateja wa sketi wa Kitinda, na wafanyakazi wa maabara wakiwa wamesimama pamoja, wamevaa nguo za kawaida ambazo ziliwafanya wasitambulike vizuri. Mjomba alikuwepo, amezeeka, ameshikwa mkono na binti wa marehemu. Sala ilianza saa tisa. Wimbo ulianzishwa juu sana, ukashushwa, ukaendelea.

Daktari aliitwa mbele. Aliwaambia kwamba yeye na marehemu walifanya kazi pamoja miaka ishirini na sita. Alisema seli alizozilea mama huyu zimewasaidia kujua mambo mengi kuhusu ugonjwa wa wanawake, na jana zimeanza kukuzwa tena, ingawa bado ni mapema kusema kama zitafanya kazi. Akasema alikuwa amejiandaa kuwaambia kwamba mtu huyu hakuwahi kukosea, lakini marehemu mwenyewe amemtumia ujumbe kumsahihisha. Alikosea mara moja, na akataka ijulikane. Akashukuru, akarudi nyuma.

Watu wachache walinong'ona. Shemeji akamgeukia Kitinda, akamtazama, akarudisha macho kwenye jeneza. Akampapasa bega mara moja.

Jeneza lilishushwa kwa kamba na wanaume sita. Upande mmoja ulitangulia kidogo, wakasimama, wakasawazisha, wakaendelea mpaka likatua. Ndugu wakapita kila mmoja na udongo wake. Zamu ya Kitinda ilipofika aliinama, akaudondosha polepole, na kwa sauti ambayo aliyekuwa karibu tu angeweza kuisikia akasema, "Nimeufikisha, dada. Wote."

Sepeto zikaanza kazi. Ilichukua kama robo saa. Udongo uliposawazishwa waliweka maua, kiongozi wa sala akamwombea pumziko la milele, watu wote wakaitikia. Baadaye msemaji wa familia aliwashukuru waliofika, akatangaza kwamba chakula kipo nyumbani. Watu wakaanza kuondoka kwa makundi. Shemeji alibaki kidogo, na Kitinda akabaki naye. Kisha wakaenda.